SIMBILISI HAFUNGI: Kumwandaa na Kumwuguza Anayehasiwa

Ukisikia kwamba fulani anaingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi, moja kwa moja unajua kwamba usiku wa leo hatakula. Atalala na njaa yake, maana mgonjwa aliyeshiba akipewa nusukaputi anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Mbwa na paka pia hufanyiwa vivyo hivyo. Sasa kuna mnyama mmoja tunayemfuga humu mitaani mwetu ambaye ukimfungisha usiku kucha huenda ukamuua kabla daktari hajashika kisu. Mnyama huyo ni simbilisi, yule ambaye wengi wetu humwita ginipigi.

Jina hilo la kigeni ni la kushangaza kwa kweli, maana mnyama mwenyewe si nguruwe wala hakutoka Guinea. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, pande za Peru na Bolivia, ambako watu walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita ili wamle. Hata leo wako majirani zetu wa Afrika Mashariki na Kati wanaomfuga kwa ajili ya nyama, kwa mfano kule Kivu Kusini katika Kongo na Njombe katika Tanzania. Huku kwetu Section 58 na Lanet yeye ni rafiki wa watoto tu. Anakaa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, anakula maganda na sukuma wiki, na akisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa anapiga kelele "wiik! wiik!" hadi majirani wasikie.

Basi kwa nini ahasiwe? Hebu tupige hesabu. Jike hubeba mimba kwa siku kati ya 59 na 72, kisha huzaa watoto wawili hadi wanne. Watoto hao huzaliwa wakiwa na manyoya, macho wazi na meno, na katika siku ya kwanza au ya pili utawaona wakitafuna nyasi. Mama yao naye anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kujifungua, ikiwa dume yumo kizimbani. Kwa mwendo huo jike mmoja anaweza kuzaa mara tano kwa mwaka. Tena binti zake wanaweza kushika mimba wakiwa na umri wa mwezi mmoja tu na siku kadhaa, na baba yao hachagui! Mtu aliyenunua wawili sokoni mwezi wa Januari, kufikia Desemba anatafuta wa kumgawia.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya zaidi. Jike asiyewahi kuzaa hadi akapita miezi sita au saba, mifupa ya nyonga zake huanza kushikana na haipanuki tena vizuri. Akishika mimba baada ya hapo, mtoto anaweza kukwama na mama akafa. Kwa hiyo usimwingizie dume jike mzee kidogo eti upate watoto wazuri.

Njia rahisi kuliko zote ni kuwatenga: madume huku, majike kule, na watoto wa kiume waondolewe kwa mama wakifika wiki tatu. Hiyo haina gharama wala kisu. Kama una madume wawili wanaopatana na huna jike hata mmoja, mimi ningekuambia waache kama walivyo. Kumhasi dume hakumfanyi awe mpole ghafla, na wanaopigana huenda wakaendelea kupigana. Shida huja ukiwa na dume mmoja. Simbilisi ni mnyama wa jamii, na akikaa pekee hunyong'onyea. Nchi ya Uswisi tangu mwaka wa 2008 inakataza kwa sheria kumfuga simbilisi mmoja peke yake. Dume huyo akihasiwa anaweza kuishi na majike kwa amani bila ya kujaza nyumba. Madaktari wengi huona heri kumhasi dume kuliko kumpasua jike, kwa sababu kwa jike ni lazima tumbo lifunguliwe.

Ndugu msomaji, hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mliokulia shambani. Sote tumewaona ndama wakihasiwa kwa koleo na kondoo wakifungwa mpira. Simbilisi hafanyiwi hivyo hata siku moja! Dume wa simbilisi ana njia mbili zilizo wazi kati ya tumbo na korodani, nazo hubaki wazi maisha yake yote. Anaweza kuzivuta korodani zake zikapotea ndani ya tumbo, na vilevile utumbo unaweza kuteremka kupitia mle mle. Ndiyo maana daktari akishatoa korodani hana budi kuzishona njia hizo. Mtu wa wembe na spiriti hawezi kazi hiyo. Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na usione haya kumwuliza: "Daktari, umewahi kuhasi simbilisi, au hata sungura?" Wengi wa madaktari wetu wa Bonde la Ufa hushinda na ng'ombe wa maziwa, na daktari mwungwana atakuambia kweli na kukuelekeza kwa mwenzake. Pale Kabete, kitivo cha utabibu wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo.

Maandalizi huanza kama wiki mbili kabla. Mpime uzito kila siku kwa mizani ya jikoni, au omba mwenye duka akupimie kwenye mizani ya sukari (mweke ndani ya kasuku safi lakini!). Andika kwenye daftari. Simbilisi mzima mwenye afya huwa na gramu 700 hadi 1,200 hivi, na uzito wake haupaswi kushuka. Msikilize akipumua. Akiwa anapiga chafya, ana makamasi au macho yenye utandu, upasuaji ungoje, maana nusukaputi na mapafu mabovu havipatani. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: sungura na mbwa wanaweza kubeba pumzini mwao bakteria isiyowadhuru wao, nayo ikimfikia simbilisi inamletea homa kali ya mapafu. Kwa hivyo ile desturi ya kuwachanganya sungura na simbilisi katika kibanda kimoja si nzuri.

Halafu kuna vitamini C. Mwili wa simbilisi, sawa na wetu sisi binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo. Mwaka wa 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakaona wanashikwa na kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiwaua mabaharia. Mnyama mwenye upungufu huo hutokwa na damu ovyo na kidonda chake hakifungi upesi. Chakula cha sungura cha dukani hakimtoshi, kwani sungura hujitengenezea vitamini C mwenyewe na kiwanda hakina haja ya kuitia. Basi mpe kila siku kipande cha pilipili hoho, jani la sukuma wiki na dania kidogo. Ila usianze chakula kigeni siku mbili kabla ya upasuaji ukamharishia bure.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe la kufunga. Simbilisi hawezi kutapika. Umbile lake halimruhusu. Hofu ile ya matapishi kwake haipo. Upande wa pili, tumbo lake limeumbwa lifanye kazi mchana na usiku bila kusimama. Chakula kipya ndicho kinachosukuma cha zamani. Nyasi zikikatika kwa saa nyingi, utumbo unapunguza mwendo, gesi inajaa, bakteria wabaya wanachukua nafasi ya wazuri, maumivu yanaingia, na mnyama mwenye maumivu hataki kula. Kutokula kunaleta kutokula zaidi. Simbilisi wengi wanaosemekana kufa kwa "operesheni" kidonda chao kilikuwa safi kabisa. Walichokosa ni nyasi.

Kwa hivyo usiku wa kuamkia upasuaji ale kama kawaida, na asubuhi pia. Daktari mwenyewe huenda akaondoa chakula kwa muda mfupi na kumsafisha kinywa kwa maji, kwa sababu simbilisi ana tabia ya kubakiza matafuno nyuma ya mdomo, na hayo ndiyo yanayoweza kumkaba. Hiyo ni kazi ya daktari, siyo yako. Yeyote akikuambia mlaze na njaa, mkumbushe kwa heshima kwamba huyu si paka.

Mpeleke ndani ya katoni yenye matundu, chini taulo kuukuu, pamoja na nyasi kavu na mboga anazozipenda ili akizinduka akute harufu anayoijua. Kama ana ndugu wa kiume wanaopatana, waende wote wawili. Usimbebe kwenye boda boda upepo ukimpiga, wala usimwache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto linamuua upesi sana.

Kabla hujaondoka kliniki uliza mambo mawili. La kwanza, dawa ya kutuliza maumivu: atapewa ipi na kwa siku ngapi? Bila hiyo hatakula. Vidonge vya binadamu vilivyo kabatini mwa mama usiviguse. La pili, viuavijasumu. Penisilini na ndugu zake ampisilini na amoksilini, hasa zikipitia mdomoni, huua bakteria wazuri wa tumboni mwa simbilisi na kuwaacha wabaya wenye sumu watawale. Mnyama huharisha na kufa katika siku chache. Ziko dawa nyingine zinazomfaa, na daktari anazijua. Hatari ni ile haraka yetu ya kukimbia duka la dawa za mifugo na kununua "sindano ya penisilini" kwa sababu ng'ombe wa shangazi alipona nayo.

Nyumbani, saa za kwanza ni za joto. Usiku wa Nakuru una baridi, nawe unajua Julai ilivyo. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, iweke upande mmoja wa katoni ili akiona joto limezidi asogee. Chini usiweke vumbi la mbao wala takataka za seremala. Simbilisi ana miguu mifupi, tumbo lake linaburuta, na vumbi hilo litaingia kwenye mshono na kuzua jipu. Tandika gazeti kuukuu na kitambaa safi, ubadilishe kila siku. (Taifa Leo ya jana inafaa sana, mradi mwalimu awe amekwisha kuisoma!)

Akishazinduka kabisa mpe chakula papo hapo. Anapaswa kuanza kutafuna siku hiyo hiyo. Akikataa hadi jioni, mpigie daktari simu, na kwa maelekezo yake umlishe mwenyewe: saga chakula chake kikavu, kiloweke kwa maji ya uvuguvugu kiwe kama uji, kivute kwa bomba lisilo na sindano, kisha mtilie kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, ukimngoja ameze. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku. Naam, utaamka kama mama mwenye mtoto mchanga. Asiyezinduka sawasawa usimtilie kitu mdomoni.

Hesabu vidonge vya kinyesi. Vikipungua, vikiwa vidogo au vikikosekana, ni habari mbaya kuliko damu kidogo kwenye mshono. Na ukimwona akiinama kula kinyesi chake laini usimkemee. Ndivyo anavyopata virutubisho vyake, na ndiyo sababu hafungwi ile kola ya shingoni wanayofungwa mbwa.

Mshono utazame asubuhi na jioni. Uvimbe mdogo siku za mwanzo si neno. Uvimbe mgumu unaokua, usaha, au harufu, mrudishe. Usimwogeshe, usipake spiriti. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne hivi.

Limebaki moja linalosahauliwa. Dume aliyehasiwa leo bado ana mbegu zilizobaki njiani, kwa hiyo akae mbali na majike kwa wiki sita. Jirani yetu mmoja alimrudisha wake kwa majike kesho yake, akidhani kazi imekwisha, na siku kama 70 baadaye kibanda kilikuwa na watoto watano. Aliyelaumiwa, bila shaka, ni daktari.

Wiki sita zikitimia, wakutanishe mahali papya pasipo pa mtu, siyo kwenye kibanda cha majike. Mwaga nyasi nyingi katikati. Watakimbizana, watanguruma, jike mkubwa atampiga dume kikumbo kimoja au viwili, nawe usiingilie ilmuradi hakuna damu. Kufikia jioni mara nyingi utawakuta wote vichwa chini, wanakula.