Kiegemeo cha Mkono Katika Gari Dogo: Tia, Lakini Tia Sawasawa

Siku hizi motokaa ndogo zimefika mpaka vijijini. Mwalimu analo gari, mwenye duka analo, na kijana aliyefanya kazi mjini miaka michache hurudi nyumbani na Vitz, au IST, au Honda Fit iliyokwisha kutumika Japani. Gari hizi zimewafaa watu wengi. Humpeleka mgonjwa hospitali usiku, hupeleka mahindi sokoni, huleta wageni wa arusi. Lakini nyingi si changa. Vitz ya kwanza ilitoka mwaka 1999, Fit mwaka 2001, na IST mwaka 2002. Gari la namna hiyo likifika kwako limekwisha kupita mikono kadhaa, na vitu vyake vidogo vimeanza kuchoka.

Kimoja katika hivyo ni kiegemeo cha mkono, ambacho mafundi wengine hukiita amresti. Ni ule mto mgumu ulio katikati ya viti viwili vya mbele, ambao dereva hupumzishia kiwiko chake. Mara nyingi mto huo ndio kifuniko cha kisanduku cha kutia karatasi, miwani na sarafu. Bawaba yake hukatika, au komeo lake huvunjika, kifuniko kikabaki kinachezacheza. Gari nyingine hazikuwa na kiegemeo tangu kiwandani, na mwenyewe hutaka kukitia.

Je, huvunjwa na nini? Mara nyingi huvunjwa na makalio. Mtu akitaka kupita toka mbele kwenda nyuma hukikalia. Mtoto hukipanda ili aone barabara. Mzigo hutupwa juu yake. Bawaba ya plastiki iliyofanywa kwa kubeba mkono tu haiwezi kubeba mtu.

Basi wewe unasema: “Hicho ni kitu kidogo. Nitanunua kingine, nitakifunga mwenyewe.” Ni vema, na kazi yenyewe si ngumu. Lakini fahamu kwanza kwamba kitu hiki kidogo kimekaa mahali pakubwa.

MAJIRANI ZAKE

Jirani wa kwanza ni breki ya mkono. Katika gari nyingi ndogo imekaa hapo hapo katikati ya viti. Breki hii huvuta magurudumu ya nyuma kwa waya, wala haitegemei mafuta kama breki ya mguu. Kwa hiyo breki ya mguu ikikuacha njiani, breki ya mkono ndiyo iliyobaki. Tena ndiyo inayolishika gari lililoegeshwa mtelemkoni. Wewe ukaaye Usambara, au Uluguru, au katika migomba ya Kilimanjaro, wajua ua wa nyumba ulivyo: gari juu, watoto wanacheza chini. Kiegemeo kikizuia breki isipande mpaka mwisho, gari laweza kushuka lenyewe.

Jirani wa pili ni vifungio vya mikanda. Mkanda tunaoutumia leo, upitao begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo huko Sweden, nao ulianza kutiwa katika magari yake mwaka 1959. Tangu hapo umeokoa watu wengi mno duniani. Lakini hufungwa wapi? Hufungwa upande wa ndani wa kiti, yaani pale pale kiegemeo kinapotaka kukaa. Kiegemeo kipana hufunika kifungio. Siku ya kwanza dereva atakitafuta kwa vidole na kufunga. Siku ya tatu atachoka, aache kufunga kabisa. Hivyo kitu kilichotiwa kwa raha kitamnyang'anya ulinzi wake, wala hatajua.

Jirani wa tatu ni gia. Katika gari la gia za mkono, kiwiko chapita hapo kila mara. Kiegemeo kilichokaa mbele mno hugonga kiwiko wakati wa kutia gia ya pili au ya nne, nazo ndizo gia unazozihitaji unapopanda mlima au kuipita lori.

Majirani wengine hawaonekani, maana wako chini. Katika magari mengi, kile chombo kinachoamuru mifuko ya hewa ifumuke wakati wa ajali kimefungwa katikati ya sakafu, chini ya kasha la plastiki. Waya za breki ya mkono nazo hupita huko. Tutarudi kwao baadaye.

KUCHAGUA

Ikiwa gari lako lilikuwa na kiegemeo tangu kiwandani, tafuta cha namna ile ile. Usiende dukani ukasema tu, “Nipe cha Vitz.” Vitz za vizazi mbalimbali hazilingani. Fungua boneti, tafuta kibati chenye maandishi, nakili namba ya aina ya gari. Vitz ya kwanza yenye injini ya lita 1 ni SCP10. Ya kizazi cha pili yaweza kuwa KSP90 au SCP90. Honda Fit yaweza kuwa GD1 au GE6, IST yaweza kuwa NCP60. Mwenye duka la vipuri akiziona herufi hizo ataelewa mara moja. Ukiweza, chukua kile kilichovunjika uende nacho, mvilinganishe tundu kwa tundu.

Ikiwa gari halikuwa nacho, viko vya aina tatu. Kimoja hufungwa ubavuni mwa kiti chenyewe, nacho hunyanyuka juu kikiwa hakitakiwi. Hicho ni kizuri iwapo kiti kina tundu zake za kiwandani. Cha pili hupandishwa juu ya kasha la katikati, au huingizwa katika tundu la kuwekea vikombe, kisha hukazwa kwa skrubu ya kubana. Cha tatu ni sanduku huru lisiloshikwa na kitu ila kamba au gundi. Hicho cha tatu usikitake. Ukifunga breki ghafula kitaruka mbele, na pengine kitaanguka miguuni mwa dereva, chini ya kanyagio la breki.

Je, fundi seremala wa kijijini aweza kukitengeneza? Naam, aweza, hasa kifuniko tu. Mpe kile cha zamani kiwe kipimo. Ubao uwe mwembamba na mwepesi, pembe zote ziviringwe, juu yake iwekwe sponji ngumu, kisha ifunikwe kwa ngozi ya bandia na fundi wa viti. Misumari isitumike, maana hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Tumia skrubu fupi ambazo ncha zake hazitokezi upande wa pili.

Urefu wa kwenda juu upime hivi. Keti kitini kama unavyoendesha, shusha bega lako, kunja mkono. Kiegemeo kifike chini ya kiwiko tu. Kikiinua bega ni kirefu mno, na safari ya saa mbili itakuumiza shingo. Kikikufanya uiname upande, ni kifupi mno.

KAZI YENYEWE

Tafuta bisibisi ya nyota, bisibisi bapa, spana namba 10, na kitambaa. Egesha gari mahali tambarare, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu. Kisha, kabla ya kufungua kitu chochote, vuta breki ya mkono polepole ukihesabu milio yake: ka, ka, ka. Andika hesabu hiyo. Utaihitaji mwishoni.

Kama unabadili kifuniko tu, fungua kisanduku, tazama nyuma penye bawaba. Utaona skrubu mbili au nne. Zifungue huku ukikishika kifuniko kwa mkono wa pili ili plastiki isipasuke. Skrubu zitie katika kikombe, zisiangukie katika tundu la breki. Weka kifuniko kipya, zitie skrubu zote kwa vidole kwanza, kisha uzikaze moja moja. Usikaze kwa nguvu zote, maana plastiki ya zamani ni kavu, nayo hupasuka. Ikiwa tundu la skrubu limelika, usilijaze gundi na njiti za kiberiti. Tia skrubu nene kidogo, au badili kipande chote.

Kama ni lazima kung'oa kasha zima la katikati, basi kwanza zima gari, ondoa ufunguo, na kwa spana namba 10 fungua waya wa betri ulio upande wa alama ya kutoa. Ngoja dakika zisizopungua 3. Sababu yake ni hii: mifuko ya hewa hubaki na nguvu ya umeme kwa muda hata betri ikifunguliwa. Ukiona waya au viungo vya rangi ya manjano, hivyo ni vya mifuko ya hewa. Usivivute, usivikate, usivipime kwa taa. Kasha lenyewe hushikwa na skrubu chache na klipu za plastiki. Vuta kwa taratibu, na ukiona limegoma, tafuta skrubu iliyojificha kabla ya kuongeza nguvu.

USITOBOE SAKAFU

Hapa ndipo penye hatari kuliko pote. Wako mafundi ambao wakiona kiegemeo hakishiki, mara moja huleta keekee na kutoboa sakafu ili watie bolti ndefu. Mkataze fundi wa namna hiyo.

Kwa nini? Katika Honda Fit, tangu ile ya kwanza, tangi la petroli halikuwekwa nyuma kama katika magari mengi, bali liko chini ya viti vya mbele. Keekee ikipita sakafu hapo yaweza kukutana na petroli, nayo keekee hutoa cheche. Katika magari yatumiayo petroli pamoja na umeme, kama Prius na Aqua, nyaya nene za rangi ya machungwa hupita chini ya sakafu zikibeba umeme wa kuweza kuua mtu. Na katika gari lo lote, tundu lililotobolewa huingiza maji ya madimbwi, kutu huanza, na baada ya masika machache sakafu huliwa.

Kiegemeo kisichoweza kushika bila kutoboa sakafu si cha gari lako. Kirudishe dukani.

JARIBU KABLA YA KUONDOKA

Kazi ikiisha, usiwashe gari na kwenda zako kuwaonyesha jirani. Fanya majaribio haya.

Kwanza, vuta breki ya mkono na uhesabu milio. Iwe ile ile uliyoiandika. Ikipungua hata mmoja, kiegemeo kinaizuia. Ishushe tena, uone kama yafika chini kabisa na taa yake kuzimika, maana breki isiyoshuka vema huchoma magurudumu ya nyuma safarini.

Pili, dereva na abiria wafunge na kufungua mikanda yao, kila mmoja kwa mkono mmoja, bila kutazama. Mwite na mzee wa nyumbani mwenye vidole vizito ajaribu. Akishindwa yeye, kiegemeo ni kipana mno.

Tatu, tia gia zote, na ya nyuma pia. Sogeza viti mbele na nyuma, laza migongo yake. Kitu kisikwaruze wala kukwama.

Nne, peleka gari kwenye mtelemko mdogo usio na watu, vuta breki ya mkono, achia ya mguu taratibu. Gari lisimame. Likijongea, rudi ukarekebishe.

Mkishindwa jaribio moja katika hayo, ondoeni kiegemeo siku hiyo hiyo. Gari laweza kwenda salama bila kiegemeo. Bila breki haliwezi.

SI KITI CHA MTOTO

Neno moja limebaki, nalo twawaambia wazazi hasa. Siku za gulio na za msiba gari dogo hujazwa watu. Nyuma wanakaa wanne au watano, mbele wawili, na mtoto mdogo anawekwa katikati juu ya kiegemeo, mgongo wake ukielekea gia. Watu husema, “Ni karibu tu, tunafika sasa hivi.”

Fikiri, ndugu msomaji. Mtoto huyo hana mkanda. Mbele yake hakuna kiti cha kumzuia, ila kioo. Miguu yake inabana gia, na mwili wake umefunika breki ya mkono. Gari likifunga breki ghafula kwa ajili ya mbuzi mmoja barabarani, atakayeruka kwanza ni yeye. Na hapo dereva atakapoitafuta breki ya mkono, atashika nguo ya mtoto.

Dereva wa gari la kukodi akikuambia, “Mweke mdogo hapa katikati,” mjibu kwa upole kwamba utangoja gari jingine. Ikiwa gari ni lako mwenyewe, sema mapema nani atakwenda safari ya kwanza na nani ya pili.

Na wewe dereva, kiegemeo kisikufundishe uvivu. Katika lami iliyonyoka, pumzisha kiwiko chako kidogo. Katika barabara ya vumbi yenye mabati na mashimo, au penye matope, au karibu na shule, mikono yote miwili irudi kwenye usukani.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kabla hujamlipa fundi, kaa kitini mwako, funga mkanda, vuta breki, ukihesabu: ka, ka, ka.