Televisheni Iliyolipiwa na Karafuu

Anayetaka kujua ilikotoka Televisheni Zanzibar (TVZ) aanzie Pemba, kwenye jamvi la karafuu. Msimu ukifika, wachumaji hupanda mikarafuu na kukata vishada. Jioni jamaa wa nyumba nzima hukaa kitako kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Kisha huanikwa juani siku kadhaa hadi zigeuke kahawia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilikuwa nzuri mno, hasa kwa kuwa Indonesia ilizihitaji kwa sigara zake za kretek. Visiwani, mnunuzi alikuwa mmoja tu: serikali. Mkulima alipewa sehemu ndogo ya bei ile, nyingine ikaingia hazina. Ndipo nchi ndogo kama ile ilipomudu kujenga kituo cha televisheni, tena cha rangi, cha kwanza kusini mwa Sahara. Wapemba, ambao mashamba yao yalitoa sehemu kubwa ya zao hilo, wanastahili kutajwa mwanzo kabisa wa historia hii, na mara nyingi hawatajwi.

Kwa nini rangi? Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962 na Uganda 1963, zote kwa nyeusi na nyeupe. Kuhamia rangi kulizidai nchi hizo kamera mpya, mitambo mipya ya studio na seti mpya majumbani. Zanzibar haikuwa na cha zamani cha kubadilisha, ikaingia moja kwa moja. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilipata televisheni baada ya Zanzibar, mwaka 1976.

Zanzibar, seti ziliwekwa pia mahali pa wazi, watu wakatazama pamoja. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja, kwa kuwa serikali iliona televisheni ni anasa ya wachache wa mjini. Lakini mawimbi hayana mpaka, na bahari haina mlima wa kuyazuia: Dar es Salaam, mwenye seti na antena ndefu aliweza kuinasa TVZ.

Upweke huo wa TVZ nchini ulikwisha mwaka 1994, vituo vya binafsi vilipoanza Bara; cha taifa kilikuja 2000. Mwaka 2013 TVZ iliunganishwa na redio ya serikali, iliyozaliwa 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja, likaundwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC.