Je, Wajua? Mipira ya Pool na Pembe za Maniema

Zamani mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu. Karne ya 19, Kasongo huko Maniema (Kongo ya leo), ngome ya mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip, ilikusanya pembe nyingi. Misafara ilizipitisha Kabambare na Ujiji hadi pwani, kisha Zanzibar.

• Pembe moja ilitoa mipira michache tu.

• Pembe hunywa unyevu. Mpira ukipoteza uviringo, kupanga mipira 15 ya pool bila mwanya ni kazi.

• Mwaka 1869 Mmarekani John Wesley Hyatt alibuni seluloidi akitafuta mbadala wa pembe.

• Leo mipira ni ya resini, mingi ikitengenezwa Ubelgiji. Kipenyo cha mpira wa kawaida wa pool ni takriban milimita 57.

Ukiipanga mipira, isukume mbele ndani ya pembetatu hadi igusane. Mwanya mdogo hula nguvu ya pigo la kwanza.