Moto Mkali Haumlainishi Kuku

Katika nyumba nyingi za wilaya za Mbulu na Hanang, mtetea aliyeacha kutaga huishia sufuriani. Nyama yake ni ngumu, kwa hiyo mpishi huongeza kuni hata maji yakafoka kwa kishindo. Mara nyingi tita huisha na nyama ingali inashindana na meno. Sababu yaelezwa na fizikia ifundishwayo darasani.

Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa. Pwani jambo hilo hutokea kwenye digrii 100 za sentigredi. Kadiri mtu apandavyo mlimani, kanieneo ya hewa hupungua, na kiwango cha kuchemka hushuka kwa digrii 1 hivi kila mita 300. Mahali penye mwinuko wa mita 1,800, kama zilivyo baadhi ya sehemu za nyanda za Mbulu, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kileleni mwa Mlima Hanang, penye mita zaidi ya 3,400, ni digrii 89 hivi.

Maji yakisha kuchemka katika sufuria ya kawaida, joto lake halipandi tena, hata moto ukikolezwa namna gani. Nguvu ya ziada hugeuza maji kuwa mvuke tu. Kupasha lita moja kutoka digrii 20 hadi 94 kwahitaji kilojuli 310 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke kwahitaji kilojuli 2,270 hivi, yaani zaidi ya mara saba. Huko ndiko kuni ziendako.

Kinachomlainisha kuku mzee ni muda. Nyuzi za nyama yake zimefungwa kwa protini iitwayo kolajeni, ambayo hukazana zaidi kadiri ndege anavyozeeka. Ikikaa muda mrefu katika maji ya moto, hata yasiyotokota, kolajeni huyeyuka polepole ikawa jelatini. Kuku mchanga hana haja ya muda huo. Akizidishiwa moto, nyuzi zake hujikunja, zikakamua maji yake, nyama ikawa kavu.

Basi maji yakisha kuchemka, povu liondolewe, sufuria ifunikwe, na kuni zivutwe nje hata mapovu yapande moja moja. Mtetea mzee aweza kuhitaji saa mbili au tatu. Usalama haupotei kwa moto huo mdogo: vijidudu kama salmonela hufa nyama ikifikia digrii 74 hadi ndani kabisa. Kwa hiyo sehemu nene, hasa karibu na mfupa, ikaguliwe kabla ya kupakua.

Kwa afya, upishi huu hauhitaji mafuta ya kuongeza, na shahamu inayoelea yaweza kuenguliwa. Lakini mchuzi usimwagwe, kwani baadhi ya vitamini za kundi B na madini huhamia humo.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili katika maabara: wachemshe maji matupu, wapime joto lake kwa moto mkali, kisha kwa moto mdogo. Kipimajoto cha zebaki kisitiwe kamwe katika chakula. Wakiona kwamba namba haibadiliki, watakuwa na habari ya kumpelekea yule anayebeba tita la kuni nyumbani.