Daktari wa Karema Aliyenunuliwa Jangwani

Habari za Mapadre Weupe huwa ni habari za misafara. Askofu Mkuu Lavigerie anaanzisha shirika lake Algiers mwaka 1868. Miaka kumi baadaye watu wake wanaondoka Bagamoyo na wapagazi wao, wanagawana njia Tabora, hawa Uganda, wale Ujiji. Ni kweli yote, ila huyo anayetembea ni Mzungu daima. Adrian Atiman anaivuruga picha hiyo. Simulizi yake, aliyoiandika mwenyewe na kuchapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, inaanzia Tundurma, kando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, na huko Metlili, Algeria, mapadre wakamnunua. Wakamsomesha, wakampeleka Malta kujifunza udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika boma ambalo Wabelgiji walikuwa wamewaachia mapadre miaka minne nyuma. Akatibu na kufundisha dini hapo hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67. Mapadre walikuja, wakaugua, wakahamishwa, wakazikwa, daktari yupo.

Ndiyo maana nasema mhimili wa kazi ile barani haukuwa padre peke yake, bali mtu wa aina ya Atiman. Lavigerie mwenyewe alilijua hilo. Alitaka vijana waliokombolewa wasigeuzwe Wazungu weusi, wapewe ujuzi wa kuwalisha, waoe, wakae na watu. Atiman akamwoa Agnes Wansabira, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, na hapo akapata kitu ambacho padre asingekipata kwa sala wala kwa bunduki: ukwe. Mgonjwa akawa anakwenda kwa shemeji, si kwa mgeni.

Atakuwapo wa kusema kwamba bila mapadre angebaki mtumwa. Sibishi. Lakini kununua mtoto, hata kwa nia ya kumkomboa, ni kumlipa muuzaji, na muuzaji hakuwa na haja ya kujua nia. Tena uhuru aliopewa ulikuja na ramani iliyokwisha kuchorwa: asomee nini, wapi, akamtumikie nani. Aliipenda kazi yake, na miaka yote ile inamshuhudia. Kupenda kazi, hata hivyo, si sawa na kuichagua. Yeye alielekezwa kwenye udaktari na ukatekista. Mwanawe Joseph ndiye aliyekuja kuwa padre. Kama mpango wa kuwasomesha udaktari Malta vijana waliokombolewa ulimzaa mtu kama huyu, mbona uliachwa kabla karne ya kumi na tisa haijaisha? Na huko Tundurma, mama yake aliambiwa nini?