Kitengela na Hesabu ya Ongezeko

Msafiri ashikaye barabara ya Namanga akitoka Nairobi, akisha kuupita mji wa Athi River, hulakiwa na majumba ya Kitengela, yaliyosimama pale ambapo wazee walio hai bado wanapakumbuka kuwa malisho ya ng'ombe wa Wamasai na njia ya nyumbu watokao Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado, uliko mji huo, na ile ya 2019 ikawakuta 1,117,840. Je, mwendo huo usipobadilika, 2029 watakuwa wangapi? Mtu wa haraka atawajumlisha tena wale 430,528 walioongezeka, apate 1,548,368, naye atakuwa amekosea, maadamu watu hawaongezeki kama matofali yapangwayo ukutani, bali kama mbuzi zizini: aliyezaliwa jana naye huzaa kesho, na mgeni aliyepata kiwanja huwavuta nduguze.

Ufunguo wa hesabu ya ongezeko la namna hiyo ni namba 2.71828 na ushei, ambayo Leonhard Euler, mwanahisabati mashuhuri wa karne ya 18, aliipa herufi e. Lugha ya JavaScript, aliyoitunga Brendan Eich mwaka 1995, na ambayo hata leo huendesha kurasa za intaneti katika simu zetu za mkononi, ina amri iitwayo Math.exp, ambayo ukiipa kipeo chochote hukupa thamani ya e iliyopandishwa kwa kipeo hicho. Kati ya sensa hizo mbili, kipeo cha ongezeko la Kajiado kilikuwa takriban 0.0486 kwa mwaka, yaani 0.486 kwa miaka 10. Basi andika Math.exp(0.486), nayo itakujibu takriban 1.6258, ambayo ukiizidisha kwa watu wa 2019 utapata yapata 1,817,000.

Wala hapana sihiri ndani ya amri hiyo. Anza na 1, kisha 0.486, na kila fungu lifuatalo ulipate kwa kulizidisha lililotangulia kwa 0.486 na kuligawanya kwa 2, halafu kwa 3, halafu kwa 4. Jumla ya mafungu hayo matano itakufikisha takriban 1.6256, kwa kalamu na karatasi tu.

Tofauti ya hesabu hizi mbili ni watu wapatao 269,000, ambao wote watahitaji madawati, zahanati, na maji katika nchi kame. Kwa hiyo nawasihi walimu wa Kitengela na Kajiado wawafundishe vijana amri hii pamoja na maana yake, kwani apangaye visima kwa kujumlisha mahali pa kuzidisha huwarithisha wanawe kiu.