Kupima Msongo wa Mawazo Kazini

Msongo wa mawazo kazini hupimwa kwa njia mbili, na mara nyingi watu huzichanganya. Ya kwanza humpima mfanyakazi: analala, anakula, amekata tamaa? Ya pili huipima kazi: saa zake, mzigo wake, amri zake na malipo yake. Anayetaka kujua kama mwajiri anawalinda watu wake hana budi kuanza na hii ya pili. Wauguzi kumi waweza kukutwa na msongo, na bado isijulikane kama umetokana na zamu, na ndoa au na deni la kikoba.

Kati ya vipimo vya mtu, kilichoenea sana ni PHQ-9, dodoso la maswali 9 kuhusu sonona, yaani mfadhaiko, lililochapishwa mwaka 2001. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Anayefikisha 10 kati ya 27 anastahili kuonwa na mtaalamu. Lipo kwa Kiswahili na limejaribiwa Kenya na Tanzania. Ugumu uko kwenye maneno. Sonona ni neno la kitaalamu. Mtu wa Mpanda, mkoani Katavi, atasema ana mawazo mengi, hapati usingizi, moyo unamwenda mbio. Sylvia Kaaya na wenzake wa Dar es Salaam walilizingatia hilo, na mwaka 2008 walichapisha dodoso la vipengele 19 lililotungwa hapahapa nchini.

Vipimo vya kazi vina ukoo wake. Mwaka 1979 Mmarekani Robert Karasek alionyesha kuwa kazi nyingi peke yake haimwangushi mtu kama kazi nyingi ambayo hana kauli juu yake. Johannes Siegrist akaongeza mwaka 1996 mizani ya jasho na malipo, na katika malipo akahesabu pesa, heshima, kupanda cheo na uhakika wa ajira. Uingereza hutumia dodoso la maswali 35. Japani, tangu Desemba 2015, inawalazimisha waajiri kupima kila mwaka katika sehemu za kazi zenye wafanyakazi 50 au zaidi. Sababu ya juhudi zote hizi ni hasara: Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani hukadiria kuwa siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka kwa sonona na wasiwasi.

Mkoani Katavi, magharibi mwa Tanzania, kipengele cha mzigo kina uzito wa pekee. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilikuta 1,152,958, ongezeko la kasi kuliko la mkoa mwingine wowote nchini. Kwa muuguzi wa Mlele au mwalimu wa Nsimbo, takwimu hizo ni benchi la kina mama siku ya kliniki na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Sehemu kubwa ya mzigo huo yaweza kupimwa bila dodoso. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na likizo ya siku 28. Mpimaji huchukua daftari la mahudhurio na kulilinganisha na rejista ya wagonjwa. Daftari litaonyesha muuguzi alitoka saa 9:30 alasiri. Rejista itaonyesha mama aliyejifungua saa 8 usiku, mikononi mwa muuguzi yuleyule, aliyegongewa mlango kwenye nyumba ya zahanati. Pengo kati ya vitabu hivyo viwili ndicho kipimo.

Dodoso nalo lina tatizo lake katika vituo vidogo: usiri. Zahanati yenye watumishi watatu ikijaza fomu isemayo "mwanamke, muuguzi, miaka 30 hadi 39", jina limeshatajwa. (Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake anao mkuu wa kituo halina tofauti na hilo.) Dawa yake ni kuunganisha majibu ya zahanati nyingi za halmashauri moja, na kutotoa matokeo ya kundi lenye watu wachache kuliko 10.

Kwenye machimbo ya dhahabu, kama ya Ibindi mkoani humo, swali gumu zaidi ni nani mwajiri. Mchimbaji huenda hana mshahara; anasubiri mgao wa mawe, na duara, yaani shimo la kuchimbia, lisipotoa, hakuna kitu. Juu yake kuna mwenye duara, mwenye leseni na mfadhili aliyetoa chakula. Vumbi na kelele za karasha, mashine ya kusaga mawe, vina vifaa vya kuvipima, na uimara wa matimba, magogo yanayoshikilia kuta za shimo, hukaguliwa kwa macho. Mizani ya Siegrist hapa husomwa kwa maswali mepesi: umefanya kazi siku ngapi tangu mgao wa mwisho, unadaiwa kiasi gani, na duara lilipotitia, wenzako walirudi shimoni baada ya siku ngapi?

Kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa, kwa mfano kila mwaka, kwa maswali yaleyale. Hapo kuna mtego. Wastani waweza kupendeza kwa sababu tu walioelemewa wameshahama, na wanaojibu safari hii ni waliovumilia pamoja na wageni wasiojua bado. Kwa hiyo matokeo husomwa sambamba na barua za kuomba uhamisho, ambazo afisa utumishi anazo tayari kwenye mafaili, zikiwa na tarehe na jina la kituo.